Barua ya Tatu

Kabura Kimotho ni mtu wa kupendwa. Nalisema hili mwanzoni ili lisije likanikwama kooni baadaye. Alizaliwa Kitale, nyuma ya duka la mbegu na mbolea la baba yake, mzee Hiram Kimotho, aliyeletwa Trans-Nzoia akiwa mtoto wa mgongoni. Mama yake, Wamboi, ana meza ya viazi sokoni ambayo wateja hawaipiti bila kusimama. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia Kabura kwamba jambo fulani haliwezekani, na hiyo ndiyo tofauti ya kwanza kati yake na mimi.

Mimi ni Viola Nanyama wa Kanduyi. Baba yangu, Makokha, alikuwa karani wa serikali hapa Bungoma hadi alipostaafu. Kwetu kila jambo lilikuwa na fomu yake, na kila fomu ilikuwa na sababu yake ya kukataliwa. Nilikua nikijua kujaza nafasi zote zenye nukta na kutotarajia jibu.

Tulikutana chuo kikuu Nairobi katika darasa la Kispania, wanafunzi kumi na wanne. Mwalimu wetu alikuwa Dakta Wepukhulu, mtu wa Matulo, karibu na kwetu kabisa, kwa hiyo nilidhani nitakuwa kipenzi chake. Wapi! Kabura alifungua kinywa siku ya kwanza na r yake ikavuma kama mashine ya posho. Mnajua sisi watu wa Bungoma tunavyosemwa kwamba tunachanganya l na r. Watu wa kwao nao husemwa vilevile, lakini yeye hakuwa na habari na hayo. Mimi nilijifunza r kwa miezi saba mbele ya kioo, na siku ya mtihani wa kuzungumza ikatoka l.

Niseme na habari ya mahindi, maana ndiyo iliyoleta yote. Mwaka wa pili Dakta alikuwa anatafsiri hadithi fupi ya mama mmoja wa milimani, mpika mikate ya mahindi. Alitusomea ukurasa mmoja kwa fahari. Kabura akainua mkono. "Daktari, huyo mama angechekwa kwetu Kitale. Umemfanya asage mahindi ya maziwa. Mahindi ya maziwa hayasagwi, yanachomwa ama yanachemshwa." Dakta akautazama ukurasa wake, akacheka hadi akavua miwani, kisha akauchana mbele yetu.

Sasa niambieni, Bungoma tunapanda nini, mawe? Mimi pia ni mtoto wa shamba la mahindi. Nilikuwa nimeliona kosa lile kabla Kabura hajainua mkono. Nililiona, nikanyamaza kwa sababu mhadhiri hasahihishwi, na sifa ikaenda Kitale. Usiku ule sikula. Watu wakisema roho ya korosho, mimi huwa naelewa hasa wanasema nini.

Tulipomaliza, Kabura hakutafuta kazi hata wiki mbili. Kampuni moja ya maua karibu na Kitale ilikuwa imeleta wataalamu kutoka Ekwado, ikahitaji mkalimani. Mmoja wao alikuwa Mbrazili, basi Kabura akaokota na Kireno humo humo kati ya mabomba ya maji. Mimi niliajiriwa shule ya upili hapa Bungoma kufundisha Kiswahili na dini, kwa kuwa shule haikuwa na haja ya Kispania. Jumamosi nilifundisha Kispania watu watatu katika chumba cha kukodi Kanduyi, mmoja wao akiwa fundi cherehani aliyetaka tu kuelewa mpira wa Barselona. Miaka tisa ikapita hivyo.

Halafu, Oktoba ya mwaka juzi, nikauona ukurasa wa chuo kimoja cha ng'ambo uliotaja masharti ya shahada ya uzamili katika Kispania au Kireno. Niliyasoma hadi nikayajua kama Baba Yetu. Uwe na shahada ya kwanza yenye masomo ya juu ya lugha. Ninayo. Ulete nakala ya matokeo iliyopigwa mhuri. Nilijua jinsi ya kuitafuta, mimi ni mtoto wa karani. Uandike insha ya Kispania ya kurasa zisizopungua kumi, na anayeomba Kispania awe anaweza kusoma Kireno. Hapo nikajiambia kusoma si kuzungumza. Mwisho, barua tatu za mapendekezo, na moja lazima iandikwe na mhadhiri aliyekufundisha lugha yenyewe. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, walisema kwamba nafasi ya msaidizi wa ualimu, yaani ile ya kusoma ukifundisha wanaoanza na chuo kikakugharimia, ni moja tu kwa waombaji wapya.

Moja. Nikahisi ni yangu. Na kwa ujinga wangu nikampigia Kabura simu ili nimringie kidogo.

"Wacha!" akasema. "Hata mimi nimekuwa nikitafuta kitu kama hicho. Nitumie hiyo link, Vio. Si tuombe wote bana. Mmoja akipata ni kama sisi wote tumepata."

Ni kama sisi wote! Asemaye hivyo ni yule aliyezoea kupata. Hata hivyo nilimtumia. Ningesema nini?

Barua mbili za kwanza hazikunisumbua. Mkuu wangu wa shule aliandika moja, paroko akaandika nyingine. Ya tatu ilikuwa ya Dakta Wepukhulu. Alikuwa amestaafu na kurudi Matulo kwenye ng'ombe wake wanne, na macho yalikuwa yameingiliwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limepasuliwa, la pili lilisubiri. Kwa kuwa nilikuwa karibu, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua zake za kompyuta kila Jumapili baada ya ibada, na nywila yake nilikuwa nayo. Nilipomweleza kuhusu maombi yetu alifurahi sana.

"Vizuri sana! Lakini mimi siwezi kuandika na haya macho," akasema. "Fanyeni vile watu wanafanya. Kila mtu ajiandikie yake, ulete niweke sahihi. Mwambie na Kabura."

Wasomaji wangu mnaijua desturi hii. Nani kati yetu amewahi kuandikiwa barua ya mapendekezo na mkubwa aliyeketi akafikiri? Unajiandikia mwenyewe, mkubwa anatia sahihi na mhuri, mnapeana mikono. Nimewaandikia hivyo wakubwa watatu, kila mmoja akinisifu kwa maneno yangu mwenyewe, na sikuona ajabu.

Lakini kujisifu kwa sauti ya mtu unayemheshimu ni kazi. Niliketi mezani siku nne mfululizo nikitoka shule. Niliandika: Nanyama ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Nikasoma, nikaona ni yale yale ninayowaandikia watoto themanini kwenye ripoti za mwisho wa muhula. Nikafuta. Nikaandika kwamba anafika kwa wakati. Nikafuta hata hiyo.

Ndipo barua ya Kabura ikaingia, kwa Kispania, pamoja na ujumbe: "Vio, hii ndio yangu. Kama iko na makosa rekebisha, halafu umpelekee Daktari asaini, uiscan uwatumie. God bless."

Makosa? Hakukuwa na kosa. Kabura alikuwa ameandika habari ya mahindi kama ambavyo ingeelezwa na Dakta mwenyewe, mzee anayejicheka. Alikuwa ameandika ukurasa ulivyochanwa na jinsi mzee alivyokwenda nyumbani akaianza tafsiri upya, na kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kutafsiri chakula asichowahi kukipika. Hakujisifu hata mahali pamoja. Alieleza tu kilichotokea, na ukimaliza kusoma unataka kumpa nafasi pale pale. Kizuri chajiuza. Nilisoma mara tatu. Kila mara wivu uliniingia upya, mahali pale pale chini ya mbavu.

Nitawaambia nilichofanya, na sitakipaka sukari. Kwanza nilifikiria kutoituma. Sikuliacha wazo hilo kwa wema. Niliamua kuituma kwa sababu mwombaji huona kwenye akaunti yake barua zipi zimefika na zipi hazijafika, na Kabura angeniuliza. Kisha nilifungua karatasi nyingine nikaiga barua ile yote. Palipoandikwa Kabura nikaandika Viola, palipoandikwa Kitale nikaandika Bungoma. Nilijiambia kwamba habari ile ni nusu yangu, maana kosa la Dakta nililiona mimi wa kwanza. Nikajiambia pia kwamba kesho nitabadilisha sentensi moja moja hadi isitambulike.

Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea barua, katikati ya Januari. Stima ilipotea Bungoma nzima tangu asubuhi. Iliporudi saa kumi alasiri, nilichapisha barua zote mbili kama zilivyokuwa, nikapanda bodaboda hadi Matulo. Dakta alizitia sahihi kwenye kiti chake uani, kalamu ikitafuta mstari. "Mmeniandikia maneno mazuri?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Nilizipiga picha hapo hapo, nikazituma kutoka kwenye anwani yake, zikapokelewa dakika arobaini kabla ya kufungwa. Nikanywa chai ya mkewe, mama Phelista.

Mwezi wa pili, wakati trekta zinapasua mashamba na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, barua ilifika kwenye anwani ya Dakta. Niliifungua mimi, nyumbani kwangu, siku ya Jumatano. Ilikuwa imetoka kwa mkuu wa idara, mama mmoja mwenye adabu. Alimshukuru Profesa Wepukhulu kwa barua mbili. Akasema kamati imeshangaa, kwani barua zinafanana neno kwa neno, isipokuwa jina la mwombaji na la mji. Waombaji wote wawili wamefika hatua ya mwisho. Aliomba Profesa awaeleze, kufikia Jumatatu, ni nani kati ya hao wawili aliyemsahihisha kuhusu mahindi, na aongeze kwa maneno yake mwenyewe jambo moja analolikumbuka kuhusu kila mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema waliosema. Sikuwa nimefikiria kwamba barua mbili kutoka kwa mtu mmoja zitaishia kwenye meza moja! Sisi huku tumezoea kwamba barua ya mapendekezo haisomwi. Inahesabiwa tu kama ipo.

Mtadhani dhamiri ilinisukuma kwenda Matulo. Hapana. Jumatano ile ile nilianza kujibu kwa jina la Dakta. Nani angejua? Nywila ninayo, mzee haoni. Niliandika kwamba mwanafunzi wa mahindi ni Viola, na kwamba Kabura, kwa haraka, aliiga. Naam, niliandika hivyo, herufi kwa herufi, kuhusu mtu ambaye hajawahi kuniudhi isipokuwa kwa kuwa alivyo. Lakini bado niliulizwa jambo moja la kukumbukwa kuhusu kila mmoja. La Kabura lilinijia bila kuitwa, mambo sita, saba. Langu sikulipata. Nilikaa Alhamisi, nikakaa Ijumaa. Nilimtafuta Nanyama katika miaka minne ya chuo nikamkuta ameketi safu ya pili, ameinamia daftari, hasemi neno. Ilipofika Jumamosi nikafuta yote, nikaenda Matulo kwa sababu sikuwa na la kusema juu yangu.

"Mulembe, mayi," mama Phelista alinipokea kwa salamu ya kwetu. "Si leo ni Jumamosi? Umekuja mapema."

Dakta alikuwa uani, na jicho lake jipya likanitambua kwa mbali. Nilimsomea barua ya mkuu wa idara yote bila kuruka. Kisha nikamsomea barua ya Kabura, moja ya zile mbili alizozitia sahihi. Alisikiliza akitabasamu, na nilipofika kwenye ukurasa uliochanwa akapiga goti lake kofi.

"Huyo ni Kabura," akasema. "Hiyo siku siwezi kusahau." Halafu tabasamu likaondoka pole pole. "Na ya pili inasema nini?"

"Inasema hivyo hivyo, Daktari."

"Na jina ni lako."

"Ni langu."

Nilingoja anifokee. Nilitaka anifokee. Yeye alitazama upande wa zizi hadi mama Phelista, aliyekuwa akipepeta maharagwe, akainuka akaingia jikoni.

"Kwa nini, Nanyama?"

"Nilimwonea wivu," nikasema. "Tangu siku ya kwanza. Yeye ana kila kitu, Daktari. Mimi nilijaribu kuandika yangu nikakosa kitu cha kuandika."

"Ukakosa." Alirudia neno hilo kama mtu anayelionja. "Fungua hiyo kompyuta. Leo nitaandika mimi, wewe utakuwa mkono tu. Na usibadilishe."

Akaanza kwa Kispania chake cha pole pole. Alisema kwamba mwanafunzi aliyemsahihisha ni Kabura Kimotho wa Kitale na kwamba barua yake ni ya kweli. Alisema barua ya pili imeigwa na Viola Nanyama, aliyekiri mbele yake, na kwamba yeye Wepukhulu alizitia sahihi zote bila kuzisoma, kosa ambalo amelifanya miaka yote na analionea haya. Vidole vyangu viliandika jina langu karibu na lile neno la kuiga. Aliongeza mistari miwili ya kumsifu Kabura. Hata hapo, jamani, hata hapo nilimwonea wivu.

"Sasa weka aya mpya," akasema. "Kuhusu Nanyama."

"Daktari, haina haja."

"Nimesema uandike."

Akaeleza jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Mwaka wetu wa tatu mama yake mzazi alifariki, naye akawa Matulo majuma matatu. Aliporudi alitarajia kuanza alipoachia, akakuta darasa limesonga mbele sura mbili. Hakuna aliyemwambia nani alifundisha, lakini kwenye meza alikuta daftari la masomo yale, na mwandiko aliujua kuwa ni wangu. Kila mahali mwenye daftari alipofika mwisho wa anachokijua hakubuni. Aliandika pembeni: nimewaambia hapa sijui, aulizwe Daktari. Dakta alihesabu maswali thelathini na manane. Alikaa ofisini na mlango umefungwa akayajibu yote kwa maandishi, na ilikuwa kazi iliyomfariji kuliko rambirambi zote.

"Andika hivi," akasema. "Nimefundisha miaka ishirini na sita. Wanafunzi wenye kipawa nimewapata wengi. Anayejua mahali ujuzi wake unaishia, na akawafundisha wengine mpaka hapo kwa uaminifu, nimempata mmoja. Na nasikitika kwamba alipokuja kwangu kwa barua nilimwambia ajiandikie."

Niliandika. Sikuona vizuri herufi za mwisho.

"Nilikuwa na hiyo barua kichwani siku zote," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Ungeniuliza tu. Ungesema, Daktari, wewe unanikumbuka kwa nini? Mimi ningekuambia, ungeandika hapa hapa."

Sikuwahi kuwaza kuuliza. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nikimhesabia Kabura mali yake, na yangu ilikuwa kwa mzee huyu, maili chache kutoka kwetu.

Jibu lilifika wiki ya kwanza ya Machi, tena kwenye anwani ya Dakta, nikalisoma peke yangu nikiwa chumba cha walimu. Kabura amechukuliwa, na nafasi ya msaidizi ni yake. Kisha mkuu wa idara aliandika kwamba kamati iliisoma aya ya mwisho mara mbili, kwani mtu aliyeelezwa pale ndiye hasa waliyekuwa wakimtafuta kuwafundisha wanaoanza, na laiti barua hiyo ingekuja Januari. Sasa kanuni za chuo haziruhusu kumfikiria mwombaji aliyewasilisha barua ya kuigwa, mwaka huu wala mwaka mwingine.

Jioni Kabura alinipigia akilia kwa furaha. "Vio, bila wewe kunipelekea hiyo barua kwa Daktari singepata!" Nilimpongeza. Nilikwenda hadi Kitale kwenye ibada ya kumwombea safari, mzee Hiram akanitaja mbele ya watu kama dada yake Kabura, nikapigiwa makofi. Kabura hajui mpaka leo, labda akisoma hapa.

Kwa Dakta nilikwenda Jumapili ile ya Machi kama kawaida. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na watu wa Matulo wote walikuwa shambani isipokuwa yeye. Alisikia hatua zangu akageuka kabla sijabisha.

"Wamejibu?"

"Wamejibu. Wamemchukua Kabura."

"Asifiwe Mungu. Na ile aya yako? Wamesema nini juu yake?"

Nilifungua kompyuta magotini. Barua ilikuwa pale mbele yangu, na jicho lake zuri lilikuwa linanitazama usoni.

"Hawakuitaja, Daktari," nikasema, nikaanza kumsomea nyingine.